Fomu Arobaini za Lubunga

"Batu arobaini, Mama Inspecteur! Batu arobaini kwa avenue moja, hakuna hata mumoja mwenye alilala. Na wote iko na furaha! Hii haiwezekani."

Profesa Émile Bolamba alilisukuma bunda la fomu hadi upande wa pili wa meza, kisha akajifuta vidole kwa leso. Alikuwa mtu mwembamba, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameongoza kituo kidogo cha utafiti wa saikolojia katika ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa, katikati ya mtaa wa Makiso. Aliyeketi mbele yake alikuwa Inspekta Malika Assumani, mpelelezi wa parquet, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, mwanamke wa miaka hamsini na miwili mwenye kilemba cha kijani na beji kwenye kifua cha blauzi. Katika kazi yake Malika alikuwa ameshika vyeti bandia vya shule, mihuri bandia, na mara moja hati bandia ya ndoa. Furaha bandia hakuwahi kuipeleleza.

"Nieleze polepole, Profesa. Kama vile mimi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza."

Hilo lilimpendeza Profesa. Akasogeza kiti na kuanza.

Kituo chake kilikuwa kinachunguza usingizi na wasiwasi: mtu asiyelala vizuri, moyo wake unakuwaje? Mwaka uliopita Profesa mwenyewe aliwahoji watu wa Makiso, na jibu lilikuwa wazi. Waliolala kidogo walikuwa na huzuni, waliolala vya kutosha walikuwa na furaha. Mwezi wa pili mwaka huu akatuma wahoji wake wawili kwenda kuona kama kwingine ni hivyohivyo. Benie alitumwa Lubunga, ng'ambo ya mto. Trésor alitumwa mbali, Opala, kwenye mto Lomami. Kila mmoja awahoji watu wazima arobaini kwa maswali thelathini yaleyale. Ijumaa Profesa angewasomea matokeo wakuu wa afya wa mkoa, nao wangechagua mahali pa kufungua chumba cha kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo.

"Trésor ameniletea kazi safi," alisema Profesa. "Usingizi ikipunguka, furaha inapunguka, sawa na Makiso. Lakini Benie! Usingizi, saa tatu, saa ine. Furaha, tulisema zero mpaka kumi, yeye ananiletea munane, kenda, kumi, kumi, kumi. Ametunga, Mama. Alikaa kwao akatunga."

"Na wewe ukaandika mashtaka ya kughushi."

"Nifanye nini? Ijumaa faili inapanda kwa magistrat. Kisha ile mutoto hatapata tena kazi ya aina hii, najua. Lakini sayansi ni sayansi."

Malika akafungua daftari lake. "Nyumba za Lubunga alichagua nani?"

"Kura. Tunapiga kura kwa nyumba ya kwanza, kisha kila nyumba ya tatu. Bila hiyo mhoji anaenda kwa rafiki zake tu."

"Na wahoji walijua unatafuta nini?"

"Apana! Benie hatukumwambia kitu. Mhoji akijua jibu yenye tunangojea, atalivuta bila kutaka. Kwa sauti, kwa jicho, kwa kutikisa kichwa kidogo tu. Njo maana tunawaficha."

"Trésor naye mulimficha?"

Profesa alivaa miwani yake, akaivua, akaivaa tena. "Trésor iko hapa miaka tatu. Njo yeye alichapa makala yangu ya Makiso."

Malika aliandika mstari mmoja, akauliza Benie alipo.

Benie alikuwa chumba cha pili, amesimama karibu na dirisha. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, nywele amesuka mistari, na macho yake yalionyesha alikuwa amelia kisha akachoka kulia.

"Keti, mutoto yangu."

"Nimeketi tangu saa mbili, Mama. Acha nisimame."

"Bon, simama. Ulienda Lubunga siku ngapi?"

"Sita. Asubuhi navuka na mutumbwi, saa kumi na moja narudi. Maman hataki nivuke na giza."

"Wale watu walikuwaje?"

Kwa mara ya kwanza Benie alitabasamu. "Wamechoka. Wamechoka kabisa, lakini wanacheka. Tonton mumoja, mjomba ya mvi, alilala katikati ya swali ya kumi na ine. Nikangoja. Akaanza kukoroma. Nikaandika: amelala."

"Uliandika hivyo kwenye fomu?"

"Ningeandika nini?"

"Hukuwauliza kwa nini hawalali?"

"Swali ya kwanini haiko mu fomu. Profesa alisema usiongeze neno, usipunguze neno. Ukimuongezea mumoja, huwezi tena kumulinganisha na mwingine." Alisema hivyo kama mtu aliyeamini. "Nilitaka kuuliza, Mama. Nilijizuia."

"Na huko hukuona kitu cha ajabu?"

"Apana. Batoto, kuku, nguo juu ya kamba. Masua moja ya mizigo imekwama kwa mchanga, lakini masua inakwama kila mwaka maji ikipunguka." Akageuka kutoka dirishani. "Kama ningetaka kudanganya, ningeandika vitu vyenye kufanana na kweli. Nani anatunga uongo wenye hata mutoto hawezi kuamini?"

Malika alifikiri swali hilo lilikuwa zuri kuliko mengi aliyosikia mahakamani. Lakini wapo pia waongo wabaya. Akazitia fomu arobaini kwenye mfuko wake, akashuka ngazi, akapanda toleka, baiskeli ya abiria, hadi bandarini.

*

Mtumbwi ulimfikisha Lubunga saa nane mchana. Avenue iliyoandikwa kwenye fomu ilishuka moja kwa moja hadi mtoni, nyumba za matofali pande zote mbili. Malika alianza na namba tisa, nyumba ya kwanza ya kura.

Mlangoni alitoka mwanamume mfupi mwenye kaptula, mvi kidevuni. Malika alijitambulisha kwa jina na kazi, akafungua daftari.

"Papa, mwezi wa pili kulikuja binti mumoja kukuuliza maswali juu ya usingizi?"

"Hapa? Apana. Hapa hakuna mutu aliulizwa kitu."

"Na usingizi wako ulikuwaje?"

"Muzuri sana. Saa mbili ya usiku niko mu kitanda. Kila siku."

Namba kumi na mbili, mama mmoja alisema kwao wanalala fofofo na hawajamwona binti yeyote. Namba kumi na tano hawakumngoja hata amalize swali. Apana, walisema, hapa ni kulala tu.

Malika alisimama katikati ya barabara na orodha yake. Nyumba tatu, na zote tatu zimekana. Mambo ya Benie yaliharibika. Angeweza kurudi Makiso, aandike PV yake, ripoti ya upelelezi, na saa kumi awe amefika nyumbani.

Lakini yule papa wa namba tisa, alipokuwa akiapa kwamba analala mapema, hakuwa amemtazama usoni. Alikuwa anaitazama beji. Mama wa kumi na mbili vilevile. Malika akakumbuka maneno ya Profesa, mhoji anayelivuta jibu bila kutaka. Profesa alisema sauti, jicho, kichwa. Hakutaja beji ya chuma yenye nyota.

Akaifungua pini, akaitia beji mfukoni pamoja na daftari. Akairuka namba kumi na nane, na alipofika ishirini na moja hakusimama mlangoni.

Mama mnene mwenye kitenge cha njano alikuwa anakaanga mikate mbele ya nyumba, donge baada ya donge likivimba kwenye mafuta.

"Mbote, mama," alisalimia Malika.

"Mbote, ndeko, dada yangu. Keti, jua ni kali."

Malika alikaa kwenye kigoda. Mwenyeji alisema anaitwa Mama Fanny, akampa kifuniko cha sufuria apepee moto. Malika akapepea. Walizungumza juu ya unga, juu ya jua, juu ya magoti. Kisha Malika akasema jambo ambalo lilikuwa kweli.

"Mimi siku hizi usingizi inanikatika saa tisa. Naangalia tu dari mpaka asubuhi."

Mama Fanny aliacha kijiko chake. Mabega yake yalianza kutikisika, kisha akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kitenge.

"Usingizi! Ndeko, ungekuwa hapa mwezi wa pili!"

"Kulikuwa nini?"

"Masua!"

Masua, boti kubwa ya mizigo, ilikuwa inatoka pande za Isangi na bendi nzima ndani yake: magitaa, ngoma, matarumbeta mawili na mashine ya umeme. Walikuwa wanakwenda kupiga muziki kwenye ndoa mjini. Maji yalikuwa yamepungua, na masua ikapanda juu ya mchanga mbele kabisa ya avenue, karibu mpaka ungeweza kumtambua mpiga gitaa kwa sura.

"Usiku ya kwanza walipiga kidogo, wasichoke na kungoja. Usiku ya pili vijana walivuka na mitumbwi. Usiku ya tatu avenue yote, ndeko! Wamama, watonton, mpaka mume wangu mwenye hajacheza tangu siku alinioa. Usiku kenda! Mchana tunafanya kazi macho imefunga, jua likizama tunaamuka."

"Na ile ndoa ya mjini?"

"Walifunga ndoa bila muziki. Kisha usiku ya sita tunaona mutumbwi inakuja, na ndani yake bibi arusi na nguo yake nyeupe, na bwana arusi amebeba viatu mu mukono! Walikuja kuitafuta bendi yao." Mama Fanny alipiga kofi. "Kisha mvua ikanyesha huko juu, maji ikapanda, masua ikaenda. Tulilia, nakuambia kweli. Batu wazima, tulilia."

Malika aliendelea kupepea. Alichagua maneno yake kwa uangalifu. "Siku zile mulikuwa na mgeni mwingine tena?"

"Mgeni gani? A! Ile mutoto ya maswali! Mutoto muzuri, na kalamu yake. Ananiuliza nalala saa ngapi, namwambia tatu. Ananiuliza furaha yangu ni ngapi, toka zero mpaka kumi. Namwambia kumi na moja. Anasema, Mama, mwisho ni kumi. Namwambia bon, andika kumi, lakini ujue."

Malika alifuta mikono, akavuta fomu ya namba ishirini na moja kutoka mfukoni. Kwenye mstari wa furaha kulikuwa na 11 iliyokatwa kwa mstari mmoja, na pembeni yake 10. Kwenye kona ya chini kulikuwa na alama ya kidole cha mafuta, ya mviringo na safi.

Mama Fanny aliitazama karatasi, kisha akautazama mfuko, kisha matundu mawili madogo ya pini kwenye blauzi ya mgeni wake.

"Ndeko. Uko mutu ya État, ya serikali?"

"Ndiyo. Majirani wako wameniambia wote wanalala saa mbili."

"Walifikiri umekuja kwa sababu ya makelele!" Mama Fanny aliinuka, akapaza sauti kuelekea juu ya barabara. "Tonton Juma! Toka! Hakuja kwa makelele!"

Mlango wa namba tisa ulifunguka polepole. Yule papa mwenye kaptula alitoka, akawaangalia, akaona kifuniko cha sufuria mkononi mwa Inspekta, na uso wake ukakunjuka. Alipowafikia alikuwa tayari anaeleza: kwamba yeye si mtu wa uongo, kwamba alikuwa mstari wa mbele usiku zote kenda, kwamba gitaa la pili lilikuwa zuri kuliko la kwanza. Akaonyesha kwa miguu jinsi walivyocheza. Watu wawili watatu walitoka kutazama, naye akaongeza bidii.

"Na ni wewe ulilala mbele ya binti?" aliuliza Malika.

"Ile swali ilikuwa ndefu, Mama."

Hadithi nzuri peke yake haikumtosha Malika. Watu wangeweza kucheza usiku kenda, na Benie bado angekuwa ameongezea nyumba ambazo hakuingia. Akaandika namba za fomu arobaini kwenye vipande vya karatasi, akavitia kwenye bakuli tupu la unga, akamwomba Mama Fanny avute kumi bila kutazama. Kisha akazunguka nyumba hizo kumi, Tonton Juma akimtangulia na kutangaza kwenye kila mlango kwamba si kwa makelele. Malika aliuliza mambo ambayo hayabadiliki kwa mwezi mmoja: ulizaliwa wapi, una watoto wangapi, una miaka mingapi.

"Miaka? Weka hamsini."

"Weka arobaini."

"Mimi? Weka sitini, hakuna shida."

Nyumba tisa zililingana na fomu kwa kila neno. Ya kumi ilikuwa na tofauti moja. Benie aliandika watoto sita, lakini baba wa nyumba alisema saba. Malika alikunja uso. Yule baba akaingia ndani, akarudi na kitoto cha siku nane ndani ya taulo.

"Huyu hakuulizwa," alisema.

*

Alhamisi asubuhi Malika alipanda tena ngazi za juu ya duka la vitambaa. Hakusema alichokuta Lubunga. Aliomba tu fomu za Makiso za mwaka uliopita, zile Profesa alizojaza mwenyewe, na fomu za Trésor, na chumba chenye meza. Alifunga mlango kwa saa moja na nusu.

Alipotoka alikuwa na karatasi tatu kubwa, kila moja ikiwa na herufi tu juu yake: A, B na C. Chini ya herufi kulikuwa na umri wa watu arobaini, na hesabu ya mara walizojibu "sijui" au kuacha swali wazi. Hakukuwa na jina, mahali, usingizi wala furaha.

"Profesa, ninahitaji jicho la mtaalamu. Karatasi hizi ni za watafiti watatu. Mumoja wao ametunga. Ni nani?"

"Wametoka wapi?"

"Sikuambii. Wewe mwenyewe ulinifundisha kuficha."

Profesa alicheka, akaketi, akainama juu ya meza kwa furaha ya mtu aliyepewa mchezo anaoupenda. Hakuchukua hata dakika tano.

"Hii." Kidole chake kilikuwa juu ya B. "Angalia, Mama. A na C iko na fujo. Arobaini, hamsini, arobaini, thelathini, hajui, sitini. Batu wengi hapa hawajui umri yao sawasawa, wanakupa namba nzima yenye iko karibu. Lakini B! Thelathini na saba. Arobaini na tatu. Hamsini na moja. Batu arobaini, hakuna hata mumoja mwenye mwisho zero. Mwenye kutunga anaogopa zero. Anafikiri namba nzima itaonekana ya uongo." Alikuwa amepata joto sasa. "Na 'sijui'? A, mara ishirini na sita. C, thelathini na moja. B, hakuna. Maswali thelathini, batu arobaini, hakuna mwenye alisahau, hakuna mwenye alikataa. Hakuna batu namna hii duniani. B ni ya kutungwa, naweka sahihi yangu."

"Weka."

Profesa akatia sahihi chini ya karatasi, kwa mkato mkubwa. Malika akazigeuza zote tatu. Nyuma ya A aliandika Makiso. Nyuma ya C, Lubunga. Nyuma ya B, Opala.

Profesa alisoma neno hilo, kisha akalisoma tena. Kalamu ilibaki mkononi mwake.

"Trésor?" alisema.

"Umwite."

Trésor aliingia na shati lililopigwa pasi na tabasamu la heshima. Alikuwa na miaka thelathini, mwenye sauti ya upole, na alimsogezea Inspekta kiti kabla ya kuketi mwenyewe.

"Pole na safari ya Opala," alisema Malika. "Nasikia ni mbali."

"Mbali sana, Mama. Siku nyingi juu ya maji."

"Na fomu zako hazikupata hata tone."

"Nilizifunga mu plastiki."

"Vizuri. Nina swali moja dogo. Juu ya kila fomu kuna sehemu ya lugha ya mahojiano. Benie, hapa Lubunga tu, kuvuka mto, ameandika Lingala mara kumi na kenda, Swahili kumi na saba, Lokele ine. Wewe umeandika Swahili. Mara arobaini."

"Ndiyo, Mama. Wanajua Swahili."

"Wote?"

"Wengi."

"Fomu yako ya kumi na tisa ni bibi wa miaka themanini na tatu. Mkulima, hajasoma, hajatoka Opala maisha yake yote. Mimi nimefanya kazi Opala miezi minane, Trésor. Sokoni nilisema Lingala, na kwa wazee nilihitaji mtu wa kunitafsiria Kimbole. Huyu bibi alikuambia kwa Swahili kwamba ana wasiwasi 'mara kwa mara lakini si kila siku'?"

Trésor alimtazama Profesa.

"Ulifika wapi?" aliuliza Malika, kwa sauti ileile ya kawaida.

"Yangambi." Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Boti iliharibika pale. Tulikaa siku ine. Nikapata malaria, nikarudi. Nikaona haya kusema sikufika. Nilikaa kwa dada yangu kule Mangobo, hapahapa mujini, wiki mbili, nikajaza."

"Yote arobaini?"

"Yote. Nilijua Profesa anangojea jibu gani. Nikampa." Aliinamisha kichwa. "Sikufanya hivi kumuumiza Benie."

"Lakini alipoumizwa ulinyamaza."

Malika aliandika maneno yake yote, akamsomea, akampa kalamu atie sahihi. Alitia. PV hiyo, alimweleza, ingekwenda kwa magistrat badala ya faili la Benie, pamoja na maelezo kwamba alikiri mwenyewe, bila kusukumwa. Hilo lingemsaidia. Trésor alishukuru kwa sauti ndogo, akatoka.

Ndipo Malika akamweleza Profesa juu ya masua, usiku kenda, bibi arusi katika mtumbwi, na kumi na moja iliyokatwa. Profesa alisikiliza bila kumkata neno. Aliposikia kuhusu Tonton Juma na swali la kumi na nne, alicheka, kisha kicheko kikamkatikia.

"Fomu zenye zilinipendeza, sikuzipima hata kidogo," alisema. "Zenye hazikunipendeza, nilizipeleka polisi."

Malika hakumpunguzia lawama. Alikunja karatasi zake.

*

Ijumaa asubuhi, kabla wakuu wa afya hawajafika, Profesa alimwita Benie ofisini kwake, mlango umefungwa, akamwomba msamaha. Malika alikuwepo, kwa kuwa bado alihitaji sahihi ya kuondoa mashtaka. Benie alisikiliza mpaka mwisho, mikono mgongoni.

"Asante, papa Profesa," alisema. "Lakini siku ile uliniita mwongo kwa salle, mu ukumbi, mbele ya wahoji wote. Hapa hakuna mutu."

Profesa alitazama mlango. Kisha akasimama, akafunga vifungo vya koti lake, akatangulia kwenda ukumbi mdogo ambako wahoji wengine tisa walikuwa wanapanga viti. Alisema kwa Kifaransa kwamba fomu za Lubunga zilikuwa za kweli na za Opala za uongo, na kwamba kosa la kuhukumu kabla ya kupima lilikuwa lake. Mtu mmoja nyuma akamwambia hakusikia vizuri. Akasema tena kwa Kiswahili. Mwingine akaomba kwa Lingala, ingawa alikuwa amesikia mara zote mbili, na Profesa, masikio yakiwa yameiva kwa aibu, akasema mara ya tatu. Hapo walipiga makofi, wakampigia Benie, na baadaye kidogo wakampigia hata yeye.

Wakuu wa afya walipokuja, aliwaambia kwamba hakuwa na matokeo ya Opala, na kwamba yale ya Lubunga yalikuwa yamepimwa katika wiki isiyo ya kawaida, kwa hiyo itabidi wahoji warudi huko tena. Aliomba miezi miwili. Walinung'unika, kisha wakaomba wasimuliwe ya masua, na wakatoa miezi miwili.

Ukumbi ulipobaki mtupu, Profesa alimgeukia Benie. "Kuna Opala. Kazi lazima ifanyike, na ifanyike sawasawa. Utaenda?"

"Nitaenda. Kwa sharti mbili." Alikuwa ameshazifikiri. "Mwisho wa fomu, uweke mistari mitatu mitupu na swali moja, sawa kwa batu wote: Kwanini?"

"Nakubali."

"Na mimi nikirudi, utume mutu nyuma yangu. Apige kura, achague nyumba kumi kati ya zangu, aulize tena. Asijue mimi niliandika nini."

"Benie, sikushuku tena. Baada ya haya yote!"

"Njo sababu," alisema Benie. "Ulimwamini Trésor vilevile. Usiniamini mimi, papa Profesa. Unipime."

Profesa alimtazama Malika kana kwamba anaomba msaada, lakini Inspekta alikuwa anapiga muhuri juu ya faili na hakuinua kichwa, ingawa alikuwa anatabasamu.

"Na huyo wa kukufuata," alisema Profesa hatimaye, akivuta karatasi ili aandike, "nimwambie tunatafuta nini?"

"Wewe unajua tunatafuta nini?"

Alifikiri. Kisha akaiweka kalamu chini.

"Apana," alisema. "Sasa hivi sijui."

"Muzuri sana," alisema Benie, akachukua mkoba wake kwenda bandarini kuuliza siku ya boti ya Opala.